Nani Alilificha Jua

2 Desemba

Nimemaliza shule. Ijumaa tulifanya mtihani wa mwisho, jana nikapanda basi kutoka Kasulu, leo niko nyumbani kijijini kwetu, juu ya Kibondo, nasikiliza mvua kwenye bati. Mama kasema nilale nipumzike. Nimeshindwa. Miaka minne kengele ilinipangia kila kitu, na sasa hakuna kengele.

Naandika humu kwa sababu kuandika naweza. Kusema mbele za watu siwezi. Siku moja Mwalimu Evaline wa historia alinisimamisha darasani, nikasimama kimya mpaka wenzangu wakaanza kucheka. Akasema, "Basi, Herieth, kaa. Utaniandikia."

4 Desemba

Mvua. Nimepalilia na Mama hadi saa nne, tukakimbia.

7 Desemba

Binamu yangu Anania amekuja na pikipiki, matope hadi kifuani. Anatangaza kwenye redio ndogo ya Kibondo mjini, na hata akiomba chumvi anaomba kwa sauti ya redio.

"Dada, si wewe ndiye mkali wa historia?"

"Kiasi."

"Kiasi gani, acha zako. Nina dakika kumi kila Jumamosi jioni na sina cha kuweka. Niandikie kitu cha zamani. Vita, wafalme, mambo ya kutisha."

Nikamwambia nitaandika kwa sharti asitaje jina langu. Akasema atasema "mtafiti wetu". Nikamwambia hata hilo asiseme. Akacheka sana, akamwambia Mama, "Huyu mtoto mmemzaa au mmemfukua?"

Mwalimu Evaline alitufundisha kuchukua mwaka mmoja tu na kuuzunguka wote, kama mtu anavyozunguka nyumba ya watu kabla ya kupiga hodi. Nimechagua mwaka 1258. Nina kurasa alizonitolea nakala, na yaliyobaki natafuta kwenye simu ya Baba, nikisimama chini ya mparachichi ambako mtandao unakamata.

14 Desemba

Kipindi cha kwanza kimetoka. Tulisikiliza sebuleni: Baba, Mama, mimi, na Bibi Jeanne wa jirani, ambaye redio yake haina betri tangu Agosti.

Bibi Jeanne si bibi yangu wa damu. Alivuka kutoka Burundi mwaka 1972, kijana, na mtoto wake Nestori mgongoni. Sasa ni raia kama sisi, mjane, analima mpunga bondeni peke yake. Nestori ana meza ya mitumba sokoni Kasulu. Nilipokuwa mdogo nilishinda kwake zaidi kuliko kwetu, kwa sababu yeye hakunilazimisha kusalimia wageni.

Anania alisoma vizuri. Januari ya mwaka ule Wamongolia waliingia nchi ambayo sasa ni Vietnam, wakakuta mji mkuu mtupu. Watu walikuwa wameondoka na chakula chao. Njaa ikawauma wavamizi, wakapigwa, wakarudi walikotoka. Februari Wamongolia wengine wakaingia Baghdad, na huko hakuna aliyewahi kuondoka. Waliua kwa siku nyingi. Vitabu vilitupwa mtoni, na waliosimulia baadaye walisema maji yalikuwa meusi kwa wino.

Baba alisema, "Duh." Mama alitikisa kichwa. Bibi Jeanne akanigeukia mimi niliyetoka shule juzi:

"Waliotoka mji ule wa kwanza, na chakula kichwani. Walilala wapi?"

"Haikuandikwa, Bibi."

"Eee. Hiyo huwa haiandikwi."

17 Desemba

Maharage yamekomaa. Yanataka jua siku chache tu tuyang'oe, tuyaanike, tuyapige. Jua hakuna. Kuna kitu cheupe nyuma ya ukungu, kama sahani ya bati nyuma ya pazia.

19 Desemba

Baba amerudi kutoka shambani na ganda moja mkononi. Amelipasua mbele yetu. Ndani maharage yameota, yana vimizizi vyeupe. Kisha akaliweka mezani, nalo likakaa pale hadi usiku. Hakuna aliyelitupa.

21 Desemba

Kipindi cha pili. Nimeandika habari za Uingereza mwaka ule ule. Mabwana wakubwa walimbana mfalme akubali kuongozwa na baraza, na vitabu vingi vinasimulia hilo. Mimi nilikaa zaidi kwenye mvua. Upepo wa kaskazini ulivuma miezi na miezi, mbegu zikaoza, walio na njaa wakamiminika London na kufa barabarani, wakachimbiwa mashimo ya pamoja. Na Japani, upande wa pili wa dunia, mwaka ule ule, baridi katika kiangazi, mashamba yameharibika, watu wanakufa. Kote walitazama juu na hawakuelewa.

Sababu naijua. Mwaka uliotangulia, mlima wa Samalas, katika kisiwa cha Lombok kule Indonesia, ulipasuka. Majivu na moshi wake vilizunguka anga la dunia nzima. Wataalamu wameutambua mlima huo juzi tu, miaka zaidi ya mia saba baadaye. Nilitaka kumalizia na hilo, lakini Anania alipiga simu.

"Usiwape jibu, Dada. Waachie swali. Jibu wiki ijayo. Hapo ndipo watu wanaganda kwenye redio."

Nikaandika: Jua lilikwenda wapi? Akasema halina pilipili. Kaandika lake, kalirekodi kwa ngoma na ngurumo, nalo linapigwa kila baada ya taarifa ya habari: "Mwaka elfu moja mia mbili hamsini na nane. Maelfu walikufa. Mvua haikukatika. Nani alilificha jua? Usikose."

Bibi Jeanne leo hakuja kusikiliza. Alikuwa anapandikiza mpunga. Bonde limejaa maji hadi ukingoni, na miche yake imesimama vizuri.

23 Desemba

Anania kasema Jumamosi hii kutakuwa na kwaya za Krismasi, kipindi kimesogezwa hadi tarehe nne. Tangazo litaendelea. "Hapo sasa watakuwa na kiu kabisa."

25 Desemba

Krismasi. Kanisani padri aliomba jua. Tulipotoka, watoto walikuwa wanaruka kamba kwenye matope, na wimbo wa kamba ulikuwa mpya:

"Nani? Nani? Nani alilificha jua? Mtaje, mtaje!"

Anayejikwaa ndiye aliyelificha. Wanamkimbiza, wanampaka tope. Nilisimama pale na gauni langu la sikukuu hadi Mama akanivuta.

29 Desemba

Nimeota nang'oa maharage na badala ya mizizi natoa nywele.

30 Desemba

Asubuhi nilishuka bondeni kumsaidia Bibi Jeanne. Ukungu ulikuwa mzito mpaka sikumwona, nilisikia tu miguu yake majini. Kisha nikasikia miguu mingi. Nilisimama. Nilifikiri, hawa ni wale wa mwaka ule, wanatembea na chakula kichwani, na hawajafika hadi leo. Nikaita. Bibi akanisalimu kwa Kirundi, kama mwanawe, kutoka upande ambao sikuutegemea.

"Bwakeye, mwana wanje. Mbona umesimama kama nguzo?"

"Uko na nani, Bibi?"

"Na ng'ombe wa mwenyekiti Mansuri. Wameingia tena. Hebu wafukuze."

Walikuwa ng'ombe kweli. Nimejiandikia hapa ili nisisahau kwamba walikuwa ng'ombe.

3 Januari

Radi. Sijawahi kusikia kama ile. Mama alifunika kioo kwa kanga, Baba akatukataza kusogelea dirisha. Redio ilikuwa inapiga tangazo. "Nani alilifi," ikakatika. Haikurudi.

4 Januari

Ni mnara wa redio Kibondo uliopigwa. Vyombo vyote vimeungua. Nimempata Anania kwa simu, chini ya mparachichi. Fundi anatoka Mwanza, labda wiki tatu. Kipindi cha tatu, chenye mlima, kimo kwenye kompyuta yake na hakuna pa kukitangazia.

5 Januari

Bombani. Niko nyuma kwenye foleni na ndoo yangu, na kama kawaida hakuna anayeniona. Immakulata, mwenye duka, alikuwa katikati yao.

"Redio ilitaka kumtaja. Ndiyo maana ikapigwa. Mtu kaona anatajwa kesho, kawahi."

"Lakini ile si habari ya zamani?" akauliza mama mmoja.

"Zamani! Wewe unadhani wanaweza kusema waziwazi? Wanazungukazunguka hivyo hivyo, mwenye akili aelewe. Jua limefichwa, mvua haikatiki, maharage yameoza. Hiyo ni ya zamani?"

Yule mama akainamia ndoo yake. Kisha Immakulata akasema taratibu, kama mtu anayeuliza bei:

"Nani hapa mvua inamfaa?"

Wote wakageuka kidogo tu, kuelekea bondeni, ambako mpunga wa Bibi Jeanne ni wa kijani mpaka unaumiza macho.

Nilikuwa na jibu mdomoni. Neno moja: mlima. Ndoo yangu ilijaa, nikaichukua, nikaenda nyumbani.

6 Januari

Mvua.

7 Januari

Mvua. Hakuna anayepita njia ya kwa Bibi Jeanne. Wanazunguka kwa Mansuri, mwenyekiti wa kijiji, ambako ni mbali zaidi.

9 Januari

Nimemwambia Baba. Nilijipanga tangu asubuhi, nikamsubiri akae.

"Baba, ile habari ya redio niliandika mimi. Hakuna mtu anayetajwa. Jua lilizuiwa na majivu ya mlima."

Aliacha kukwangua tope kwenye jembe lake. "Mlima wa wapi?"

"Indonesia."

"Na nani mwingine anajua kuwa ni wewe?"

"Mama na Anania."

"Basi ibaki hivyo." Akaendelea kukwangua jembe lake. "Wewe ni msichana, umemaliza shule jana. Ukisimama pale watauliza wewe umeyajuaje mambo ya jua kufichwa. Umeelewa? Wataanza na wewe."

"Lakini Bibi Jeanne..."

"Mimi sisemi ni yeye." Akakwangua. "Sisemi si yeye. Shamba langu limeoza, Herieth. La kwake limeoza?"

Nimemjua baba yangu maisha yangu yote. Leo nilikuwa namtazama kama mtu niliyekaa naye kiti kimoja ndani ya basi.

11 Januari

Mansuri ameitisha kikao. Wameamua kuita kamchape, wale watu wanaozunguka vijijini kutoa uchawi. Kila kaya inachangia. Serikali imekataza jambo hili, kila mtu anajua, kwa hiyo Mansuri kasema kikao hakikufanyika.

Baba amechangia. Nilimwona akipima maharage yaliyosalimika.

13 Januari

Nilimwendea Bibi Jeanne, nikamwambia yote. Nilimwomba aende Kasulu kwa Nestori kabla hawajafika.

Alikuwa anapeta mchele wa mwaka jana. Hakusimamisha ungo.

"Nikienda watasema nimekimbia kwa sababu ni kweli. Nikikaa watasema nimekaa kwa sababu sina haya. Mpunga una wiki tatu tu tangu niupandikize. Nani atautoa magugu?"

"Mimi."

"Wewe." Akacheka, na meno yake mawili ya mbele yakaonekana. "Nimekwisha kukimbia mara moja, mwana wanje. Ile inatosha kwa mtu mmoja."

14 Januari

Nimempigia Anania. Mwanzoni alicheka. Kisha nikamweleza wimbo wa watoto, na bombani, na kamchape.

"Mimi nilikuwa natafuta wasikilizaji tu," akasema. Sauti ya redio haikuwepo.

Amesema atakuja mwenyewe na polisi. Lakini mto umechukua daraja, hata bodaboda hazivuki.

16 Januari

Wamefika. Wamepita milimani, kwa miguu. Wako wanne na ngoma moja. Mkubwa wao amevaa koti la ngozi na buti nzuri, anaongea kwa upole sana.

18 Januari

Naandika polepole, kwa sababu nataka iandikwe kama ilivyokuwa.

Walianza asubuhi, nyumba kwa nyumba. Ngoma inatangulia, yule wa koti anafuata, anazunguka nyumba, ananusa, anaendelea. Kwetu alisimama mlangoni kidogo. Mama alinishika bega. Akapita. Ilikuwa wazi anakokwenda, ila alitaka tufike naye pole pole.

Kwa Bibi Jeanne walichimba nyuma ya jiko. Mvua ilikuwa nyepesi, udongo wote tope. Yule wa koti akaingiza mkono hadi kiwikoni, akatoa pembe ya mbuzi iliyofungwa kitambaa chekundu. Watu wakapiga kelele. Kitambaa kilikuwa kikavu. Niliona. Baba aliona, kwa sababu alinitazama kisha akatazama chini. Nadhani wote waliona.

Wakamleta uwanjani mbele ya ofisi ya kijiji, wakamkalisha chini. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani. Mansuri akasema, "Mama Nestori, una la kusema?" Akasema, "Mnanijua." Basi.

Hapo nilisikia mtu anasema, "Jina nalijua." Ilikuwa sauti yangu.

Watu waligeuka. Sijui nilifikaje katikati. Nikasema mimi ndiye niliyeandika habari ya redio. Nikasema jina ambalo lingetajwa Jumamosi ile si la mtu. Ni mlima, unaitwa Samalas, ulipasuka, majivu yake yakaziba jua hadi Uingereza na Japani, na watu wa kule hawakujua. Nilisema haraka sana, yote kwa pumzi moja. Nilipomaliza, kijana mmoja nyuma akasema, "Mlima! Kumbe mlima nao mchawi!" Watu wakacheka, na kwa sekunde moja nilifikiri kicheko kimetuokoa.

Yule wa koti hakucheka. Akanisogelea kwa upole wake.

"Umesoma, binti. Vizuri. Huo ulikuwa mwaka ule. Na mwaka huu, ni mlima gani?"

Nilitafuta. Nilitafuta kwa kweli.

"Sijui," nikasema.

"Hujui." Akawageukia watu. "Mtoto amesema kweli, hajui. Mimi najua."

Hapo ndipo walipotoa wembe. Anayekamatwa ananyolewa kichwa kizima, kisha ananyweshwa dawa. Nikakaa chini karibu na Bibi Jeanne, nikavua kilemba. Shuleni tulinyolewa kila wiki hadi mitihani ilipokaribia, kwa hiyo nywele zangu zilikuwa na miezi michache tu, Mama ndiye aliyezisuka kwa mara ya kwanza. Nikasema, "Mimi nimeshinda kwake tangu mdogo. Kama anao uchawi, na mimi ninao." Mama akalia kwa sauti. Baba akatoka kwenye umati, akaja, akanishika mkono juu ya kiwiko. Nilingoja anivute. Hakunivuta. Alisimama tu amenishika, vidole vyake vinaniumiza, anatazama mbele.

Yule wa koti akatutazama, akasema, "Mtoto mwacheni."

Wakamnyoa yeye peke yake. Nywele zake ni nyeupe na nyepesi kama manyoya ya kifaranga, na mvua ilizibandika kwenye tope. Hakufumba macho. Mara moja tu alisema, kwa Kirundi, neno ambalo sikulisikia vizuri, kama mtu anayemwita mtu aliye mbali.

Alipokwisha kunywa dawa yao, Mansuri kasema aende akapumzike kwa mwanawe.

19 Januari

Nestori amekuja kwa miguu kutoka ng'ambo ya mto. Hakumsalimia mtu. Amemchukua mama yake na sufuria mbili.

20 Januari

Jua limetoka.

21 Januari

Jua. Kali, safi, anga la buluu kabisa. Kijiji kizima kinapiga maharage, yaliyobaki. Fimbo zinasikika kila upande kama mvua ya aina nyingine. Watu wanaitana na kucheka. Immakulata alipita na beseni, akanirushia, "Unaona sasa, mwanahistoria?" Hakusema kwa ubaya. Alikuwa na furaha tu.

Baba alipiga siku nzima bila kuinua kichwa. Mimi nilipeta. Kila nilipofumba macho jua lilikuwa jekundu ndani ya kope, nami nilitamani mvua kwa moyo wangu wote.

24 Januari

Matokeo yametoka. Historia A. Baba amenipa mkono, kama mtu mzima.

25 Januari

Fundi amemaliza. Redio imerudi, na Anania ametangaza kipindi cha tatu. Amekisoma vizuri kuliko vyote. Kilisikika kwenye kila uwanja, watu wakiwa wanapeta na kujaza magunia. Mlima, majivu, upepo, dunia nzima. Jirani mmoja akasema, "Loo, kumbe mlima kweli!" Mwingine akasema, "Hadithi nzuri." Wakaendelea kupeta.

15 Februari

Daraja limewekwa. Nimekwenda Kasulu na mchele ambao Bibi aliuacha. Anakaa chumba cha nyuma cha Nestori, dirisha linatazama ukuta. Nywele zimeanza kuota. Nilipoingia alifunga kitambaa haraka, kisha akaona ni mimi, akakifungua.

Hakuuliza habari za kijiji. Aliuliza, "Magugu?"

"Nimeyatoa, Bibi. Shamba lote."

"Maji?"

"Yapo kifundoni."

"Mpunga ukipasua mashuke, watakuja ndege. Wale wadogo. Wanamaliza shamba kwa siku tatu. Lazima mtu apige kelele tangu alfajiri." Akanitazama. "Kelele, Herieth. Si kuandika."

Nestori alinisindikiza stendi. Kasema, "Mwache apumzike, dada yangu. Usimpe matumaini ya mpunga."

2 Machi

Palizi ya pili, bondeni, peke yangu. Watu wanapita njia ya juu. Wananiona.

29 Machi

Mpunga umepasua. Ndege wamefika. Nilisimama kwenye tuta na fimbo yangu na debe, nikafungua mdomo, ikatoka sauti kama ya paka. Walinipuuza. Nikalia kidogo. Kisha nikajaribu tena.

2 Aprili

Sauti imekauka. Mama kanipa asali.

8 Aprili

Leo nilikuwa napiga kelele upande wa mto, na ndege waliporuka hawakushuka upande wa pili, kwa sababu huko nako debe lilikuwa linalia. Nikafikiri ni mwangwi. Ni Baba. Amesimama kwenye maji na suruali yake ya shamba, anapiga debe, hanitazami. Tulikaa hivyo hadi jua lilipokuwa juu. Wakati wa kupanda kilima aliniambia, "Kile kitambaa kilikuwa kikavu."

"Ndiyo, Baba."

"Niliona." Baadaye kidogo akasema, "Niliona, nikanyamaza."

20 Aprili

Baba amekwenda kwa Mansuri. Amemwambia kwamba Mama Nestori anarudi kuvuna shamba lake. Mansuri hakusema ndiyo, hakusema hapana. Amesema, "Kama kutatokea jambo, Pasikali, mimi sikuambiwa." Pasikali ni Baba.

27 Aprili

Mpunga ni wa njano kabisa. Siku sita hakuna tone. Anga zuri.

3 Mei

Bibi Jeanne amerudi. Nestori amemshusha kwenye pikipiki chini ya kilima kwa sababu yeye mwenyewe alitaka kupita kijijini kwa miguu. Alipita na mundu mkononi na kitambaa kichwani. Mimi upande mmoja, Baba nyuma. Immakulata alikuwa mlangoni pa duka, akaingia ndani. Wengine waliinamia kazi zao. Bibi alisalimia kila nyumba, kwa jina, hata zile zilizofungwa.

Tukashuka bondeni. Alishika mashuke, akayapima kiganjani, akasema, "Umejitahidi." Akainama, akakata fungu la kwanza, na la pili.

Tone la kwanza liliangukia mkono wangu.

Nilifikiri ni jasho. Kisha lingine, na majani yakaanza kulia. Wingu lilikuwa dogo, limetoka upande wa Burundi bila hata upepo. Mvua wakati wa kuvuna inauharibu mpunga, mtoto yeyote wa hapa anajua. Nilitazama juu kilimani. Walikuwa wametoka nje wote. Walisimama kando ya njia, mmoja mmoja, wanatazama wingu, kisha wanamtazama yeye. Nilimwona Mansuri. Nilijua kila mmoja anafikiri nini.

Baba alisimamisha mundu wake.

Bibi Jeanne aliinua uso. Maji yalimtiririka usoni. Alitazama wingu, akatazama kilima na watu wake wote, kisha akanitazama mimi niliyeganda na fungu mkononi.

"Kata, mwana wanje," akasema. "Inanyesha tu."

Nikakata.